Vipindi vya maisha halisi na sura ya mwanamke: kipi kiwashwe mabinti wakirudi likizo

Kila Desemba, mabinti wanaporudi likizo kutoka Loleza, Iringa Girls na shule nyingine za bweni za Nyanda za Juu Kusini, televisheni ya sebuleni hupata wenyewe wapya. Mama yuko sokoni Mwanjelwa au anawahi palizi kule Uyole, baba yuko kazini, na rimoti imo mikononi mwa msichana wa miaka 14 ambaye ametengana na kioo kwa muhula mzima. Mara nyingi anachokitafuta ni kipindi cha maisha halisi, yaani kile ambacho vijana wanakiita rialiti. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mzazi, shangazi au mlezi wa hosteli anayepaswa kuamua kipi kiwashwe mbele ya wasichana, kipi kingoje umri, na kipi kisilipiwe kifurushi kabisa.

Tunapoamua mambo haya hapa kwetu, jicho la kwanza huenda kwenye mavazi, na la pili kwenye pombe. Sisemi kwamba mambo hayo hayana uzito. Hata hivyo, kipimo cha mavazi hakitoshi, kwa sababu kipo kipindi ambacho wanawake wote wamejifunika kuanzia shingoni hadi miguuni, na bado kinamfundisha binti kwamba mwanamke huishi kwa umbea, huogopa mwenzake anayependeza, na hana jambo la kusema pasipo mwanamume. Nimeona ni bora kuuliza maswali mengine: mwanamke huyu anaonyeshwa akifanya nini, nani ana mamlaka ya kuamua abaki au aondoke, na ugomvi ukiondolewa, kipindi kinabaki na nini? Kwa maswali hayo, vipindi vinavyofanana kwa juujuu hutengana haraka sana.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima kufahamu namna vipindi hivi vinavyotengenezwa, kwa kuwa neno halisi limewapotosha wengi. Mwaka 1973 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilionyesha maisha ya familia ya akina Loud wa California, na watazamaji wakamshuhudia Pat Loud akimwambia mumewe kwamba ndoa yao imefika mwisho. Takriban saa 300 za picha zilikuwa zimerekodiwa, na zilizoonyeshwa zilikuwa sehemu 12 tu. Kazi ya kuamua Pat Loud ni mwanamke wa namna gani ilifanyika, kwa kiasi kikubwa, katika chumba cha uhariri. Uwiano huo haujabadilika sana tangu wakati huo, ila nia ya wachaguaji imebadilika. Mchele wa Kyela tunauchambua ili mawe yatoke. Katika vipindi vingi vya leo mawe ndiyo hubakizwa, na mchele, yaani saa nzima ambayo wanawake wanane wamekaa wakizungumza kwa amani, hutupwa.

Mbinu zenyewe zinajulikana. Mshiriki huketishwa peke yake baada ya tukio na kuulizwa swali lililokwisha kuelekea upande mmoja, kwa mfano, anamwonaje fulani ambaye jana alimsema vibaya. Jibu lake hukatwa, swali hufichwa, na mtazamaji huamini kwamba chuki imetoka moyoni mwake yenyewe. Uso uliokunjwa kwa sababu ya jua la mchana unaweza kuwekwa baada ya maneno ya mwenzake aliyoyasema jioni, na muziki ukamalizia kazi. Simu huchukuliwa, vinywaji humiminwa, usingizi hupungua, na watu waliochoka hutoa picha inayouzika. Wanaume nao hufanyiwa hayo hayo, lakini wao hupewa nafasi nyingi za kucheza: shujaa, mchekeshaji, mtu wa mikakati, mkimya mwenye hekima. Wanawake hupewa chache, nazo hurudiarudia: mgomvi, mliaji, mzuri asiye na akili, na mama anayewavumilia wote.

Ulinganisho wenye manufaa zaidi kwa mzazi wa hapa, kwa maoni yangu, ni kati ya vipindi viwili vilivyo mbali kabisa kimoja na kingine, ingawa vyote viwili vinawaweka wanawake watu wazima katikati ya kioo. Upande mmoja kuna mfululizo wa Real Housewives, unaofuata maisha ya wanawake wenye fedha na urafiki wao, ulioanzia Orange County nchini Marekani mwaka 2006 na kuingia Afrika kupitia Johannesburg mwaka 2018, Durban mwaka 2021, Lagos mwaka 2022 na Nairobi mwaka 2023. Upande wa pili kuna Mama Shujaa wa Chakula, shindano la wanawake wakulima wadogo lililoanzishwa na Oxfam hapa Tanzania mwaka 2011, ambalo baadaye liliunganishwa na Maisha Plus, kipindi cha vijana wanaoishi katika kijiji cha kujengewa, mbali na starehe za mjini, kilichoanza kurushwa mwaka 2009.

Nianze na Nairobi, kwa kuwa lugha na sura zake ni za jirani na binti wa Mbeya anaweza kujiona humo kuliko katika toleo la California. Kuna jambo jema ambalo wakosoaji wengi hulipita. Wanawake hawa si vivuli vya mtu. Wana fedha, wana maoni, baadhi yao wanaendesha biashara, na katika matoleo mengi ya mfululizo huu wamo wanawake waliovuka miaka 40, umri ambao tamthilia nyingi humwachia mwanamke nafasi ya mama mkwe tu. Wanazungumza waziwazi juu ya talaka na malezi. Msichana anayemwona mwanamke wa Kiafrika akisaini hundi yake mwenyewe amepata kitu.

Lakini mtazame mwanamke huyo anafanya nini kwa muda mrefu. Biashara yake hutokea kwa dakika chache, kisha kamera huhamia mezani, ambako chakula hakiliwi, kwa sababu chakula cha jioni kimeandaliwa ili fulani amuulize fulani kuhusu maneno aliyoyasema wiki iliyopita. Tuulize lile swali la tatu: ugomvi ukiondolewa, kinabaki nini? Hubaki nyumba nzuri, magari na mavazi. Ujuzi uliomfikisha pale hauonyeshwi. Hatujui alianza na mtaji gani, alimwajiri nani, alikosea wapi katika hesabu za kodi; hata mama mwenye kibanda cha vitenge pale Mwanjelwa, ambaye angependa sana kuyajua hayo, huondoka mtupu. Hali hiyo hiyo ipo katika Young, Famous & African, kipindi cha Netflix cha mwaka 2022 kilichorekodiwa Johannesburg, ambacho Watanzania wengi walikitazama kwa sababu ya Diamond Platnumz na Zari Hassan. Zari ni mfanyabiashara na mama wa watoto watano, naye angeweza kutufundisha mengi, lakini sehemu kubwa ya muda wake kiooni imetumika kujadili mapenzi yake na kupimwa dhidi ya wanawake wenzake.

Mama Shujaa wa Chakula inalijibu swali la kwanza kwa namna tofauti kabisa. Mwanamke anaonyeshwa akilima, akifuga, akisindika, akieleza kwa maneno yake namna alivyopata shamba au alivyonyimwa, na namna ukame au bei ya mbolea ilivyomgusa. Washiriki wanaishi pamoja, wanashindana, na kura za watazamaji zina uzito, hivyo msisimko upo. Ila mwenye kushinda ni yule aliyewashawishi watu kwa kazi na hoja. Kwa binti wa Njombe, Rungwe au Kilolo, hii ni mara chache katika maisha yake kuona kwamba mwanamke anayefanana na bibi yake, mwenye kilemba na mikono iliyopasuka kwa jembe, amepewa kipaza sauti na taifa likanyamaza kumsikiliza. Jambo hili ni kubwa kwetu kuliko kwa watu wa pwani. Katika vichekesho vingi vya Kiswahili, binti anayetoka Iringa hupewa nafasi moja tu, nayo ni mfanyakazi wa ndani asiyejua mjini, na wasichana wetu wamekua wakiisikia picha hiyo hadi baadhi yao huficha mkoa wao wanapofika Dar es Salaam.

Kipindi cha namna hii pia hufungua mazungumzo ambayo mzazi angeyatafuta kwa shida. Mwanamke anaposema kiooni kwamba shamba analolima si lake, mama anaweza kumweleza bintiye palepale kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, kisha wakaongea kuhusu shamba la babu ambalo wajomba wanaligawana.

Hata hivyo, sitaki kukisifu kupita kiasi. Kina sura yake moja ya mwanamke ambayo inaweza kuchosha na kubana: mama mvumilivu, aliyeteseka, aliyeshinda kwa jasho, asiyelalamika. Msichana anaweza kutoka hapo akiamini kwamba mwanamke huheshimiwa baada ya kuumia tu, na kwamba kucheka, kupenda mavazi au kutaka maisha mepesi ni udhaifu. Binti anayetaka kuwa rubani au mhasibu hatajiona humo. Tena, kwa mtoto aliyezoea kasi ya vipindi vya leo, mwendo wake ni wa polepole, na huwezi kumlazimisha mtu apende. Vipande vya misimu iliyopita vinapatikana YouTube. Ni vyema mzazi achague kipande kimoja kifupi kuliko kumkalisha mtoto saa mbili.

Katikati ya pande hizo mbili kuna Big Brother, kipindi cha washiriki wanaofungiwa katika nyumba moja mbele ya kamera huku wakipigiwa kura za kutolewa, na hapa hukumu yangu ni laini kuliko ile inayozoeleka makanisani na vijiweni. Kipindi hicho kilianzia Uholanzi mwaka 1999, na toleo la Afrika lilirushwa kuanzia 2003 hadi 2014. Majirani zetu wa pande zote mbili walikipokea kwa namna zilizopingana: Malawi, ng'ambo tu ya Kasumulu, bunge lilipiga kura mwaka 2003 kuzuia kisirushwe kwa sababu za maadili, wakati Zambia, ng'ambo ya Tunduma, ilishangilia ushindi wa Cherise Makubale, mwanamke aliyeshinda msimu wa kwanza na kuondoka na dola 100,000 huku Mtanzania Mwisho Mwampamba akishika nafasi ya pili. Malalamiko kuhusu picha za bafuni yalikuwa na msingi, na kamera hizo ziliwadhalilisha wanawake zaidi ya wanaume. Kwa upande mwingine, kwa kuwa nyumba ilirushwa saa nyingi mfululizo, mshiriki wa kike alionekana akipika, akibishana kuhusu siasa, akichoka, akisali, akichekesha. Mhariri hakuweza kumkata hadi abaki na tabia moja. Mamlaka ya kuamua nani abaki yalikuwa mikononi mwa wapiga kura wa nchi nyingi. Na bado, katika misimu tisa, wanawake waliotwaa ushindi peke yao ni wawili, Makubale mwaka 2003 na Dillish Mathews wa Namibia mwaka 2013, wakati Karen Igho wa Nigeria aligawana ushindi na mwanamume mwaka 2011. Mizani ya wapiga kura nayo, basi, si ya kuaminiwa kipofu.

Mashindano ya vipaji, kama Bongo Star Search iliyoasisiwa na Rita Paulsen, hayahitaji maneno mengi. Kwa familia yenye watoto wa rika mchanganyiko ndiyo chaguo jepesi zaidi. Binti anaonekana kwa sababu anaimba, na jaji mkuu anayesikilizwa na wote ni mwanamke aliyeanzisha kipindi chenyewe, jambo ambalo napenda wasichana walione. Kasoro yake iko katika hatua ya usaili, ambapo wasioweza kuimba huonyeshwa ili wachekwe, na maneno juu ya umbo la msichana hupenya pale ambapo sauti tu ndiyo ingepaswa kujadiliwa.

Mashindano ya urembo na mitindo yana hatari ya kipekee, kwa sababu humo mwili ndio kazi yenyewe. Mfano ninaopenda kuwapa wasichana ni wa America's Next Top Model, shindano la Marekani la kutafuta mwanamitindo, la Tyra Banks. Katika msimu wa sita, mwaka 2006, mshiriki Dani Evans alishinikizwa mbele ya kamera azibe mwanya wa meno yake ya mbele, akaambiwa kwamba hauuziki. Alikubali kuupunguza kwa sehemu, naye ndiye aliyeshinda. Miaka minne baadaye, katika kipindi hichohicho, mshiriki mwingine, mwanamke mweupe, aliongezewa mwanya kwa sababu wakati huo ulikuwa umeingia kwenye mitindo. Mwaka 2020, picha za zamani ziliposambaa upya, Banks alikiri hadharani kwamba baadhi ya maamuzi yale hayakuwa sahihi. Kwetu sisi, ambao mwanya umeimbwa katika taarabu na kuombewa kwa watoto wa kike, habari hii inaeleweka mara moja: kilichoitwa kasoro hakikuwa kasoro ila kwa macho ya aliyeshika kalamu ya mkataba. Sehemu kama hiyo, ikitazamwa pamoja na mtu mzima, ina faida kubwa. Ikitazamwa na msichana wa miaka 12 peke yake usiku, sina hakika kwamba atafikia hitimisho hilo.

Kuhusu vipindi vya kutafuta mchumba, msimamo wangu ni mkali. The Bachelor, kilichoanza Marekani mwaka 2002, humweka mwanamume mmoja mbele ya wanawake zaidi ya 20, naye huwapunguza wiki baada ya wiki kwa kuwapa au kuwanyima ua la waridi. Lipo toleo ambalo mwanamke ndiye mchaguaji, lakini mwanamke mweusi hakupewa nafasi hiyo hadi mwaka 2017. Love Island ya Uingereza, katika sura yake ya tangu 2015, inawaweka vijana katika nyumba ya kifahari wakiwa na mavazi ya kuogelea, na asiyechaguliwa na mtu yuko hatarini kufungasha mizigo. Wanawake na wanaume huchagua kwa zamu, na hilo ni nafuu kidogo. Ila kanuni ya msingi inabaki kwamba thamani yako leo usiku inategemea nani amesimama kando yako. Kwa wasichana walio chini ya miaka 16, sioni sehemu ya somo hilo inayofaa kuokolewa.

Je, vipindi hivi vinabadilisha kweli fikra za mtoto? Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya Girl Scouts, chama cha skauti wa kike cha Marekani, iliwahoji wasichana 1,141 wa miaka 11 hadi 17. Miongoni mwa watazamaji wa mara kwa mara, asilimia 78 walisema umbea ni sehemu ya kawaida ya urafiki wa wasichana, wakati kwa wengine ilikuwa asilimia 54. Asilimia 68, dhidi ya 50, walisema ni asili ya wasichana kuoneana kijicho na kushindana. Ni wasichana wa Marekani, si wa Mafinga, na inawezekana pia kwamba wenye tabia hiyo ndio wanaovutwa na vipindi hivyo tangu mwanzo. Kinachonigusa ni takwimu nyingine ya utafiti uleule: asilimia 86 walitambua kwamba vipindi huwagonganisha wasichana makusudi ili kunoga. Kumwambia mtoto kwamba ni maigizo, kumbe, hakumkingi, kwa kuwa anajua tayari na bado picha inamkaa.

Kwa sababu hiyo, chaguo langu hutegemea nani atakuwepo chumbani. Nyumba yenye watoto wadogo na mabinti wa kidato cha kwanza na cha pili, wakati wazazi hawapo mchana, ningewaachia Bongo Star Search na Maisha Plus, na vingine ningeviwekea namba ya siri kwenye king'amuzi, jambo ambalo ving'amuzi vingi huruhusu. Jioni, mama akiwa amerudi, nusu saa ya Mama Shujaa wa Chakula hutosha, hasa kama bibi yupo, kwa sababu bibi atakosoa namna wanavyopanda viazi na mazungumzo yatajiendesha yenyewe.

Hosteli ya mabinti wa kidato cha tano na cha sita ni jambo lingine. Hao kuwazuia hakufai, maana wana simu na bando, na wiki ya kufunga shule watakitazama walichonyimwa. Kwao ningechagua toleo la Nairobi la Real Housewives, sehemu moja tu, na mlezi akae nao. Watazame ugomvi mmoja hadi mwisho, kisha waurudie sauti ikiwa imezimwa, wakiangalia picha inakatwa wapi, glasi iliyokuwa nusu imejaa tena lini, na ni uso gani unaoonekana bila mwenye uso kusema neno. Baada ya hapo waulizane ni maswali gani ya kibiashara ambayo wangemuuliza mwanamke yule iwapo wao ndio wangeshika kamera. Wiki inayofuata mlezi awawekee Mama Shujaa wa Chakula na kuwauliza vilevile: huyu mama mkulima naye, ni upande gani wa maisha yake ambao hatukuonyeshwa?